Injini ya Baba Niliyoipunguza Nguvu kwa Siri

Nilianza kumwogopa baba upya nikiwa na miaka arobaini na sita, watoto wangu wawili wakiwa chuo. Mtu mzima mimi, mwalimu wa fizikia, darasa la watu sitini nalinyamazisha kwa kukohoa tu. Lakini baba akishika spana na kuniangalia juu ya miwani, najikuta nimeweka mikono nyuma kama mwanafunzi. Mimi mwoga, sikatai.

Tulikuwa tunakaa Magomeni, hapa Mtwara, mimi na yeye tu. Mama alipofariki nilimfuata baba kwetu nyanda za juu, kwenye baridi, nikamwambia twende pwani ukapumzike. Akakubali kwa sharti moja, kwamba gari lake lije. Gari lenyewe ni lile la zamani la mgongo wa kobe. Injini iko nyuma, na haina rejeta wala maji. Inapozwa kwa upepo wa feni tu, kama bajaji.

Injini ile aliijenga mwenyewe. Alikuwa fundi wa karakana ya misheni maisha yake yote ya kazi. Kule kwetu hewa ni nyepesi na milima haina huruma, kwa hiyo baba alizikwangua zile hedi, yaani vifuniko vya silinda, mpaka nafasi iliyo juu ya pistoni ikawa finyu kabisa. Alitaka hiyo hewa kidogo inayoingia igandamizwe sawasawa. Huo mgandamizo ndio mafundi wanauita kompresheni. Gari likawa linapanda mlima kama mbuzi, na watu wakawa wanatoka wilaya nyingine kuja kumwona mzee aliyelitengeneza.

Huku pwani hewa ni nzito. Injini ile ile ikavuta hewa tele, ikaigandamiza kupita kiasi, na petroli ikawa inalipuka kabla ya wakati wake. Niliisikia mara ya kwanza tukirudi kutoka Mahurunga, tunapanda kilima. Ni mlio mwembamba, kama misumari inayotikiswa kwenye kopo. Kila mlio ni nyundo juu ya pistoni. Ukiuachia, siku moja pistoni inatoboka au injini inanoki, inakwama kabisa, hapo hapo barabarani. Nilimtazama baba. Alikuwa anaendesha huku anaimba wimbo wa kanisani.

Ule mlio hakuwa anausikia. Masikio yake yalishaacha kupokea sauti nyembamba. Birika lilikuwa linapiga mluzi jikoni mpaka maji yanaisha, na yeye amekaa hatua tatu kutoka hapo. Simu ililia mfukoni mwake, mimi ndiye niliyemwambia. Ukigusia habari ya masikio anakwambia watu wa siku hizi wanameza maneno. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini nani angemwambia?

Na kila Jumamosi alikuwa anakwenda Mahurunga peke yake. Alikodi kijishamba cha mpunga karibu na mto Ruvuma, na hakutaka kusindikizwa. Jumamosi hizo sikupika chakula kikaiva vizuri. Mawazoni nilimwona gari limemzimikia katikati ya mikorosho, jua la saa saba, analisukuma mwenyewe kwa ule ubishi wake, moyo unamsimama. Simu nampigia, haisikii. Nilikuwa nasimama getini kama mtoto aliyeachwa shuleni, nasubiri ule mngurumo, na ukifika nakimbilia ndani nijifanye naosha vyombo.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilisema, mara moja. Nikamwambia injini naona inagonga kidogo mlimani. Akanichukua mpaka kwenye kilima kile kile, akashusha kioo, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa makini kabisa huku misumari inatikisika kweupe. Kisha akasema hasikii kitu, labda nikapimwe masikio. Nikamwambia nitakwenda, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa moja tu, na sikuwa na kifua cha kulitoa.

Halafu kuna habari ya kaka yangu. Zamani kaka alifungua kabureta ya gari lile bila ruhusa, akabadilisha kitu kidogo tu, petroli iende vizuri. Baba hakumgombeza. Aliacha kuongea naye. Miaka miwili, nyumba moja, meza moja. Alikuwa anamwambia mama, "Mwambie huyo fundi wa mjini anisogezee chumvi," na kaka amekaa upande wa pili wa meza. Mama alikuwa daraja. Sasa mama hayupo, kaka yuko mbali, na baba amebaki na mtu mmoja wa kuongea naye, mimi. Akininyamazia mimi, ataongea na nani?

Mwaka jana dada yake baba akafariki kule kwetu. Baba akapanda basi kwenda kuzika, akasema atakaa wiki tatu wamalize mambo ya ukoo. Basi lilipoondoka stendi nilisimama pale nikajikaza kisabuni, nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa bajaji wa mtaani kwetu, kijana wa Kimakonde mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya. Nikamweleza ninachotaka. Akalizunguka gari mara mbili, akasema hii ni bajaji iliyonenepa tu, mwalimu, ondoa wasiwasi. Wasiwasi haukuondoka.

Siku ile hedi zilipofunguliwa zikawekwa juu ya gunia, nilichuchumaa nikazipapasa. Nilikuwa nimeona mikono ya baba ikizikwangua, nikiwa msichana mdogo, kwa kioo na unga wa kusagia chuma, jioni baada ya jioni. Zilikuwa bado laini. Nilijiona mwizi. Fundi aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni joto.

Hedi zenyewe hatukuzigusa, hilo nilikataa. Dawa ilikuwa kuziinua silinda kidogo kutoka kwenye kitako cha injini, ili pistoni ikifika juu ikute nafasi kubwa zaidi. Silinda nne, washa nne pana za alumini, yaani pete bapa, moja chini ya kila silinda. Nilichukua bureti ya maabara shuleni, ule mrija wa kupimia kemikali, tukamimina mafuta ya taa tone kwa tone ndani ya kila hedi ili tujue nafasi yake. Nikapiga hesabu usiku mzima, nikazirudia asubuhi. Fundi wa kukereza vyuma akatuchongea washa. Nikazipima kwa maikromita ya shule, moja ikawa nene kuliko wenzake kwa unywele. Fundi wa bajaji akasema haina neno. Nikamwambia hii injini ikiharibika wewe unapoteza mteja, mimi napoteza baba, irudishe. Akacheka, lakini akairudisha.

Tulipomaliza nililipeleka gari kwenye kile kilima. Nikashusha vioo vyote. Nikapanda kilima. Kimya. Nikateremka, nikapanda tena nimekanyaga mafuta mpaka chini. Injini inanguruma tu, hakuna hata msumari mmoja. Nililia palepale, na mwendesha bodaboda akasimama kuuliza kama nimegonga mtu.

Kumbe furaha yenyewe ya dakika kumi. Kurudi nyumbani ndipo nikakumbuka mkono wa baba.

Baba hawashi gari asubuhi bila kulisalimia. Anafungua mlango wa injini, anaishika ile puli kubwa ya chini inayozungusha mkanda wa feni, anaizungusha kwa mkono. Kila pistoni ikibana hewa puli inagoma, unaisukuma, inaachia, inagoma tena. Mara nne. Kwa migomo hiyo minne baba anajua afya ya injini kuliko daktari na mashine yake. Mwaka ule kabla ya safari ya msiba puli ilikuwa inamshinda. Nilikuwa namwona kupitia dirisha la jikoni. Anajaribu kwa mkono mmoja, anaacha, anaegemea gari, anajifanya anatazama kitu chini, halafu anaishika kwa mikono yote miwili. Akiingia ndani anasema kompresheni iko vizuri sana.

Sasa ingekuwa laini. Ataigusa mara moja tu, atajua. Nikawaza kumwambia gari limeibiwa, nikawaza kufunga breki ya mkono niseme imekwama, upuuzi mtupu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa kutoka jikoni mpaka uani.

Alirudi Ijumaa. Jumamosi asubuhi nikasimama dirishani na sufuria mkononi. Akafungua mlango wa injini. Akaishika puli kwa mkono wa kulia, akasukuma. Ikazunguka. Akasimama. Akaitazama. Akasukuma tena, migomo yote minne, bila kupumzika. Kisha akageuka akaita, na anaponiita huniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

"Mama, njoo uone."

Nilitoka nikiwa nimeshaandaa kuomba msamaha. Baba akaizungusha puli mbele yangu, akahamia mkono wa kushoto, akaizungusha tena. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimeyaona meno yake tangu tumzike mama.

"Hewa ya kwetu," akasema. "Imenirudishia nguvu zangu."

Nikacheka naye. Mungu anisamehe, nilicheka, na nilichokisikia moyoni kilikuwa ni kupona. Sikukamatwa. Alikwenda Mahurunga akarudi mzima, injini haigongi, na mchana kutwa akawa anamwonyesha jirani mkono wake. Nikala nikashiba kwa mara ya kwanza siku ya Jumamosi.

Jumapili baada ya kanisa akaniambia anarudi kwetu. Si kutembea, kukaa. Ataendesha mwenyewe, siku mbili barabarani, milima yote ile, peke yake, halafu atafungua karakana ndogo uani kwake. Mtu mwenye mkono huu, aliniuliza, anakaa kwa binti yake afanye nini? Nikamwambia apumzike kwanza. Akaniambia amepumzika vya kutosha.

Usiku sikulala. Ile hofu ya kwanza ilikuwa ya kunyamaziwa. Hii ya sasa ilikuwa ya kumzika, na mimi ndiye niliyemtengenezea safari kwa washa zangu nne.

Jumatatu nilitoka shuleni mapema nikamkuta uani. Sanduku la spana limeshaingia ndani ya gari, godoro liko juu ya gari limefungwa kamba. Tena alikuwa anainuka juu ya vidole kukaza fundo. Na kwa baba hakuna siri inayosemwa taratibu. Ilibidi nipige kelele, mtaa mzima usikie, jirani akasimama na ufagio wake.

"Baba, si mkono. Nimepunguza kompresheni. Nimeinua silinda, milimita moja na nusu."

Aliachia kamba. Nikasubiri aseme na mtu mwingine, aseme na jirani, aseme na gari. Alirudi nyuma ya gari, akafungua mlango, akainama akaishika puli. Akaizungusha polepole sana, mgomo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akaniuliza kama silinda zote nne ziko sawa. Nikapaza sauti nikamwambia zote nne, nimepima kwa maikromita. Akaniuliza habari za kugonga. Nikamwambia ilikuwa inagonga mwaka mzima, baba, wewe ulikuwa huisikii.

Alitikisa kichwa kama fundi anayekubali jibu la mwanafunzi wake. Akakaa juu ya bampa. Akauweka mkono wa kulia juu ya paja, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza chini.

"Kumbe ni ule ule," akasema.

Kisha akaniomba nimsaidie kushusha godoro.