Bei Elekezi Mlangoni Kwangu

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sioni aibu kusema. Ile kliniki ya meno jirani na soko, yenye kiti kinachopanda na kushuka chenyewe, ni yangu. Nimeijenga kwa magunia ya ulezi na dagaa wa Kasanga. Wenye digrii nimewaajiri.

Kwa nini meno? Nikicheka utajua. Enzi zetu huku, dawa ya jino ilikuwa koleo, basi. Mbele sina kitu. Nikaapa kwamba Sumbawanga meno yatazibwa, siyo kung'olewa tu. Nikaenda Mbeya nikamchukua daktari, mama mmoja fundi wa kuziba, nikampa na nyumba ya kukaa.

Ndipo ikaja karatasi ya bei elekezi kutoka serikalini. Ya kung'oa ilivumilika. Ya kuziba waliiweka chini mno, hata dawa ya kuzibia hairudi. Ofisa aliyeileta akasema nisipobadili bei zangu wiki hiyohiyo, anapiga kufuli. Nikamwuliza kama yeye amewahi kuzibwa jino. Akajibu, "Mzee wangu, mimi natekeleza tu."

Daktari alisikia. Akaniambia taratibu kwamba kwa bei ile atabaki kung'oa, na kung'oa peke yake siko alikokusomea, atarudi kwao. Nilijiona narudishwa kwenye koleo, mimi na mji wangu mzima.

Bei sikubadili. Kufuli likapigwa kweli, nami nikaenda mahakamani. Sokoni wakanicheka, eti muuza ulezi anaishtaki serikali. Wakili wangu, kijana msomi, alitaka tuzungumzie taratibu, kwamba wenye kliniki hatukushirikishwa. Nikamwambia sema yote hayo, lakini mimi nina neno langu moja na nitalisema mwenyewe. Akanisihi nijibu ndiyo na hapana tu. Nani, mimi?

Wakili wa serikali aliponiuliza kama nilikaidi bei elekezi, nikamgeukia jaji.

"Mheshimiwa, mimi nimewaelekeza watu njia ya Kasanga tangu kijana. Nawaambia piteni Matai. Wapo waliopita kwingine wakapotea. Sijamfungia hata mmoja nyumba yake."

Watu wakaangua kicheko. Jaji hakucheka, aliandika. Kisha akamwuliza wakili wa serikali, "Hili neno elekezi, ninyi mlilielewaje?"

Yule bwana akafungua makabrasha yake, akayafunga, akayafungua tena.

Hukumu ikasema kufuli litoke, kwa kuwa bei ya kuelekeza haiwezi kumfungia mtu mlango. Ikasema pia kwamba serikali ikitaka kulazimisha, itunge kanuni kamili. Wakili wangu akaninong'oneza nisishangilie sana. Kanuni zitakuja, na safari hii wataandika bei kikomo. Waje. Na hicho kikomo nitakiulizia maana yake palepale kizimbani.

Daktari yupo, anaziba. Wavuvi wanapanda kutoka Kabwe na mashavu yamevimba, wanarudi na meno yao mdomoni. Mlangoni nimebandika bei zangu. Juu yake nimebandika na zile za serikali, kwa herufi kubwa zaidi, ili kila mgonjwa aelekezwe. Juzi yule ofisa alipita, akasimama akazisoma zote. Nikamchekea kwa pengo langu lote, nikamkaribisha kitini.