Kanda za Mama na Waya Usio na Kizibo

Nikiikumbuka siku ile, mwanangu, kwanza hukisikia kicheko cha kaka yangu Abbas. Tulikuwa vijana bado, tumehamia mtaa wa Flemingdon Park, Toronto, kutoka Tanga, na Mama amebaki kule. Simu hakuipenda, alisema inamharakisha. Yeye alituma kanda za kaseti. Alijirekodi huku akichagua mchele, akimsema jirani, akituombea dua, kisha akampa kanda msafiri yeyote anayekuja Toronto. Sisi tukishasikiliza, tulirekodi majibu yetu juu ya maneno yake na kumrudishia kanda ileile. Familia nyingi za kwetu tulifanya hivyo.

Abbas hakutaka sauti ya Mama ipotee, akawa anazinakili kanda kwenye diski za kompyuta, zile za zamani zilizofuatana kwenye waya mmoja mpana. Siku hiyo Mzee Fida, rafiki wa marehemu baba, aliyefanya kazi za kompyuta ofisini mjini, alikuja kunywa chai. Akainama nyuma ya meza.

"Abbas, mwisho wa waya huu mbona hauna kizibo? Na kipande hiki cha waya umekitoa wapi? Ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme, haulingani na wenzake."

"Kizibo kilipotea tulipohama, mzee. Lakini inafanya kazi, iko poa kabisa."

"Ishara ikifika mwisho usiozibwa inarudi, inagongana na inayokuja nyuma yake. Kinachoandikwa humo huwezi kukiamini. Usirudishe kanda hata moja kabla hujasikiliza nakala yake yote."

Abbas alicheka, akamwongezea chai. Na kweli, kila nakala aliyoijaribu ilianza vizuri. Mama alisalimu, akakohoa kidogo, nasi tukaridhika. Nani angekaa asikilize mpaka mwisho? Tulikuwa na haraka ya basi, haraka ya kazi, haraka ya kila kitu.

Mama alipofariki miaka baadaye, tukazifungua nakala zote. Nyingine zilikataa kufunguka. Nyingine zilikuwa na salamu tu, halafu mikwaruzo, halafu kimya. Abbas alizima kompyuta akalia kwa sauti mbele ya wanawe.

Tulipokwenda Tanga kugawa nguo zake, tukakuta kanda ya mwisho tuliyomtumia, tukaiweka kwenye redio yake ya kaseti. Mwanzoni zilisikika sauti zetu wenyewe: tuko salama, baridi kali, haya kwaheri. Basi. Baada ya hapo, kwenye sehemu ambayo majibu yetu mafupi hayakuifikia, Mama mwenyewe akatokea, sauti safi kabisa: "...na mkinijibu, wanangu, semeni mpaka kanda iishe. Msiniachie nusu tupu."

Abbas alitoka nje. Mimi nilibaki nimeishika ile redio.

Mwanangu, mimi si mtu wa kompyuta, lakini hili nalijua kwa machungu. Waya uwe wa aina inayofaa, na mwisho wake uzibwe, hata kama unaona kazi inakwenda. Wanasema kompyuta za siku hizi zinajiziba zenyewe. Sawa, lakini cha asili usikifute kabla hujaisikiliza nakala yote. Na aliye mbali akiomba maneno yako, usimkatie njiani.

Mungu akujaalie umri mrefu na moyo usio na pupa, na wakupendao akuwekee, uwajibu mpaka mwisho wakiwa wangali wanasikia.