Papa Ndani ya Behewa

Juzi, sokoni Karatu, mfanyabiashara mmoja alifungua gunia la papa mkavu mbele yangu, nikatema mate chini kama mtu asiye na adabu.

Nilikuwa mdogo nilipotoka Tanga na baba kwa treni, tukirudi nyumbani Mbulumbulu. Alikuwa amemnunulia mama papa mzima, kwa kuwa mama hakuwahi kuiona bahari. Injini ikaharibika porini, jua likiwa kali. Papa yule, ambaye hakukaushwa vizuri, akaanza kutoa maji mazito kutoka juu tulikomweka. Yakanidondokea shingoni, yakateremka ndani ya shati hadi kiunoni. Nikatapika kwenye kofia ya baba.

"Nani kabeba mzoga humu?" abiria mmoja akafoka.

Baba akatazama nje kana kwamba hayamhusu. Kisha akaninong'oneza, "Mwakani tutakuja na mama yako, aone maji yasiyo na mwisho."

Tulipofika, mama alifungua mfuko wa papa, akaziba pua kwa khanga.

"Kumbe bahari inanuka hivi?" akaniuliza.

Uvundo ule ulikuwa umenifutia kila nilichokiona Tanga. Nikamwapia, "Yote, mama. Hivi hivi."

Baba akamwambia kwamba mwakani tungekwenda naye. "Basi nendeni wenyewe," mama akajibu.

Papa tulimtupia mbwa; hata mbwa alimnusa akaondoka. Baba alimbembeleza mama miaka mingi, hakukubali.

Nilirudi baharini nikiwa mtu mzima, nikavuta pumzi nikiusubiri uvundo. Palikuwa na upepo safi tu, na mama tulikuwa tumeshamzika.