Utabiri wa Baba Kwenye Njia ya Baray

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya nyama ya mbuzi inayochomwa hunirudisha utotoni haraka kuliko picha yoyote. Ilikuwa harufu ya Jumamosi alasiri nyuma ya duka la spea la Baba Salma, mjini Karatu, kwenye uwanja mdogo wa udongo mwekundu ambako wanachama wa klabu ya magari waliegesha magari yao na kuyafungua boneti. Wengi wao walikuwa madereva wa watalii. Wiki nzima walishuka na kupanda kingo za Ngorongoro na wageni, na siku wasiyokuwa na safari bado walitaka kukaa karibu na magari. Walikuwepo pia wafanyabiashara wachache, na mwalimu mmoja mwenye gari kuukuu ambalo halikuondoka pale bila kusukumwa. Mama zetu walileta masufuria ya wali na maharage, na sisi watoto tulikimbizana kati ya magurudumu mpaka nguo zetu zikawa rangi moja na ardhi.

Raha yao kubwa ilikuwa kutabiri. Kabla ya kila mashindano ya mbio za magari, yawe ya ng'ambo wanayoyatazama kwenye televisheni ya dukani au ya huku kwetu mikoani, kila mwanachama alisimama mbele ya wenzake akasema nani atashinda na nani hatamaliza. Hakuna aliyeandika chochote. Waliokaa pale ndio walikuwa mashahidi. Hapakuwa na kamari. Aliyepatia alikatiwa paja la mbuzi Jumamosi iliyofuata, na aliyekosea kuliko wote aliosha magari ya wenzake, huku wakimwonyesha kwa vidole mahali palipobaki tope. Baba yangu, Paskali, naye dereva wa watalii, aliosha magari mara nyingi kwa sababu alipenda kuwatetea madereva wanyonge. Rafiki yake Yusufu, ambaye ndiye Baba Salma mwenyewe, alimletea maji kwenye ndoo na kumwimbia akiosha.

Urafiki wao ulikuwa wa kutembeleana bila kubisha hodi. Sisi tuliishi kijiji cha Rhotia, ambako mama yangu alilima mahindi na maharage, na Krismasi familia ya Yusufu ilikuja kwetu mapema kuliko ndugu zetu wa damu. Sikukuu ya Idi tulikwenda kwao, na mimi na binti yao Salma tulivaa nguo za kitambaa kimoja, maana mama zetu walishonesha pamoja. Tulisoma wote darasa la tano na tulikaa dawati moja. Watu wasiotufahamu walituuliza kama ni mapacha, na tulijibu ndiyo, ingawa yeye alikuwa mweupe na mwembamba na mimi mweusi wa kujaa.

Mwaka ninaousimulia mvua za masika zilipiga kwa hasira. Mashamba ya mteremkoni yalichukuliwa na maji, na barabara ya kuelekea Baray, upande wa Ziwa Eyasi, ilichimbwa vibaya. Mvua zilipokwisha na baridi ikaanza kushuka kutoka msitu wa kreta ya Ngorongoro, ikatangazwa kwamba mashindano ya magari yatapita Karatu, na sehemu moja ya mbio itakuwa njia hiyo hiyo. Yusufu, ambaye kwa miaka alikuwa akitabiri mbio za watu wengine, alisema safari hii ataingia mwenyewe. Alikuwa na gari dogo jeupe alilolitengeneza kwa mikono yake, na msoma ramani wake angekuwa mdogo wake, Idi. Mji mzima ulifurahi. Hata bibi waliouza ndizi sokoni walijua gari la Yusufu lina namba gani.

Baba hakufurahi. Alikuwa amepita njia ile siku za karibuni akiwapeleka wageni Eyasi, na aliona jinsi korongo la kabla ya Baray lilivyokula ukingo wa barabara, mahali ambapo dereva anayekuja kwa kasi haoni kitu mpaka amefika. Alimwambia Yusufu pembeni, dukani kwake. Akamwambia tena alipokuja kwetu Rhotia, wakiwa wamesimama kando ya zizi. Mara zote mbili Yusufu alimpiga begani akasema amesikia, kisha akaanza kusimulia habari za matairi mapya.

Jumamosi ya kutabiri uwanja ulijaa. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema Yusufu atashinda, hata mwalimu, ambaye kwa kawaida alimchagua yeyote ambaye wengine hawakumchagua. Baba alisimama mwisho. Nakumbuka alivua kofia.

"Yusufu hatamaliza," alisema. "Ataishia kwenye korongo, kabla ya kufika Baray."

Walicheka, wakidhani ni utani wake wa siku zote. Yeye hakucheka. Kicheko kilipungua kidogo kidogo, mpaka Yusufu mwenyewe akasimama na kukifufua. "Basi Jumamosi ijayo uje na sabuni ya kutosha, Baba Martina," alimwambia, akimwita kwa jina langu, "maana utaosha na gari langu la mbio." Watu wakampigia makofi. Tukiwa njiani kurudi Rhotia, Mama alimuuliza Baba kwa Kiiraqw, lugha waliyoitumia wakiwa hawataki mzaha, kwa nini amemwaibisha rafiki yake. Baba alijibu kwamba pembeni ameshasema na hakusikilizwa. Labda kwa kuwa sasa watu wote wamesikia, Yusufu ataogopa na kupunguza mwendo akifika pale.

Siku ya kuamkia mbio, Yusufu alimwita Baba aje waangalie pamoja springi na shokapu, kama walivyozoea kusaidiana. Baba alilala chini ya gari alasiri nzima. Mimi na Salma tulikuwa pale tukiruka kamba, na Yusufu hakubanduka upande wa Baba, akimpa spana na kushika taa. Nayasema haya kwa sababu baadaye yalisemwa mengine.

Siku ya mbio Baba alikuwa na wageni wa kuwashusha kreta. Nilikwenda na familia ya Salma kwenye kilima kinachotazama bonde. Kulikuwa na umati, miwa, karanga, redio na vumbi. Magari yalionekana kwa mbali kama vidole vinavyochora mstari mwekundu, na yalipotokomea nyuma ya kichaka tuliyafuata kwa masikio. Salma alinishika mkono. Gari la baba yake lilipita likinguruma kuliko yote, likaingia nyuma ya kichaka, na tukalisikia likizidi kuongeza kasi pale ambapo mengine yalikuwa yamepunguza. Kisha hatukulisikia tena. Watu waliendelea kuongea kwa muda, wakidhani ni upepo umegeuka. Mama Salma ndiye wa kwanza kushuka kilima, viatu mkononi. Salma aliuachia mkono wangu akamfuata mama yake.

Yusufu hakufa. Gari liliruka ukingo likalala ubavu, na mguu wake wa kulia ukavunjika vibaya kuanzia nyongani. Idi alivunjika mkono tu. Jioni Baba alifika hospitali akiwa bado na vumbi la kreta, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje na akina mama. Idi alitoka, mkono umefungwa shingoni, akasimama mbele yake.

"Kaka Paskali, ulijuaje?" aliuliza.

"Nilipita pale na wageni. Nilimwambia kaka yako."

"Ulitaja mpaka mahali penyewe. Na jana ulikuwa chini ya gari."

Mama Salma alikuwa mlangoni na alisikia yote. Alirudi ndani na kuuvuta mlango, na Baba akabaki upande wetu.

Klabu ilifanya jambo la busara, ikamwita fundi kutoka Arusha alikague lile gari. Alilikagua mbele ya watu wote na kusema springi ni nzima, nati zimekazwa, hakuna mkono wa mtu. Nilidhani yameisha. Lakini waliokuwa wakisema Baba alilegeza nati waliacha hilo wakaanza kusema ana mdomo mbaya, kwamba alilolitamka ndilo lililotokea, na hiyo ilikuwa shutuma isiyoweza kukaguliwa na fundi. Wapo waliomkumbusha kwamba siku ya mbio hakuja, kama vile wageni aliowapeleka kreta walikuwa kisingizio. Shuleni niliitwa mtoto wa mchawi. Salma hakuniita hivyo. Alihama tu dawati. Alikwenda kukaa mbele kabisa, na kwa miezi yote iliyobaki nilikuwa nikitazama kisogo chake kuliko ubao.

Nyumbani kwetu palikuwa kimya. Baba aliacha kwenda mjini Jumamosi, alikaa shambani akipalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Kampuni aliyoifanyia kazi haikumfukuza, lakini madereva wenzake waliacha kumsubiri kwenye geti la hifadhi ili wapande kwa msafara. Mama, ambaye kwanza alimlaumu, sasa aligombana na mtu yeyote aliyemsema. Jumapili moja baada ya misa alimfuata mwanamke mmoja mpaka kwenye bodaboda aliyokuwa anaipanda, akamtaka arudie alichokisema. Yule mwanamke alimwambia dereva waondoke.

Yusufu alirudi kutoka hospitali ya Moshi, alikohamishiwa, msimu wa kupanda ulipokuwa umeanza. Alikuja kwetu Rhotia Jumapili alasiri, peke yake, na magongo. Hakubisha hodi. Mimi ndiye niliyemletea chai, na kwa kuwa hakuna aliyenifukuza, nilibaki nimesimama karibu na mlango wa jikoni.

Walizungumza kwanza mvua, kisha bei ya mbolea. Halafu Yusufu aliweka kikombe chini.

"Mguu ulikuwa wangu na pedali ilikuwa yangu," alisema. "Jumamosi nitawaambia klabu yote hivyo. Nimekuja nikuambie wewe kwanza."

Baba alishukuru.

"Lakini ngoja nimalize, Paskali. Lile korongo niliikumbuka kona yake kabla sijafika. Ulikuwa umeniambia vizuri. Nilianza kukanyaga breki. Kisha nikakumbuka ule uwanja na watu wote waliocheka, nikaona nikipunguza hapo watasema Paskali alinitisha. Nikaachia breki."

Jiko lilikuwa likitoa moshi na sikuthubutu kukohoa.

"Nilikwambia pembeni," Baba alisema. "Mara mbili."

"Kweli. Na pembeni ningeweza kukutii bila mtu kujua. Mbele za watu ulinifungia njia."

"Kwa hiyo ningenyamaza ungepona?"

Yusufu alichukua tena kikombe chake. "Sijui," alisema. "Na wewe hujui."

Alimaliza chai, akaomba asindikizwe mpaka barabarani. Niliwaona kwa nyuma wakitembea polepole, Baba akijitahidi kutomtangulia. Jumamosi ile Yusufu alitimiza ahadi, na wanachama walikuja kwetu kwa makundi kuomba radhi, wengine wakiwa na sukari na sabuni mikononi. Baba aliwapokea wote. Alirudi klabu, akarudi kusubiriwa getini. Lakini zamu yake ya kutabiri ilipofika alikuwa akisema yuko pamoja na waliotangulia, na wenzake walijifunza kutomlazimisha. Na yeye na Yusufu, ingawa walitembeleana kila Idi na kila Krismasi, sikuwaona tena wamekaa wawili peke yao. Mmoja alihakikisha daima kuna mtu wa tatu. Salma alirudi dawatini kwangu mwaka uliofuata, bila maelezo, na sikumuuliza.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafanya kazi kwenye ofisi ya safari hapa Karatu, na kutabiri hakujaisha. Vijana wa ofisini wana kundi la simu ambamo kila wikiendi tunachagua washindi wa mbio za nchi ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuziona. Nami huchagua, na nikikosea nawanunulia soda. Ni raha, nakiri, na haina hatari, kwa sababu wale madereva hawatatusikia kamwe. Hakuna hata mmoja atakayeachia breki kwa ajili ya kilichosemwa Karatu. Wakati mwingine, vijana wakicheka, nawaonea wivu, na wakati mwingine naona wanacheza mchezo uliokwisha kutolewa kiini chake. Sisi tulikuwa tukitabiri habari za watu tuliokula nao.

Masika haya Salma, ambaye siku hizi anafanya biashara ya vitenge na viatu, aliniambia anapeleka mzigo Loliondo kwa gari lake mwenyewe. Nilikuwa nimezungumza na madereva wetu na nilijua hali ya ile njia. Nilimwambia jikoni kwake, tukiwa wawili, kwamba asiende wiki hii. Alisema amenisikia, akaendelea kujaza chai kwenye chupa. Mume wake alikuwa sebuleni, na shemeji zake, na mama yake. Ningeweza kwenda pale nikasema kwa sauti. Sikwenda.

Kesho yake nilikaa na Baba barazani Rhotia, simu mapajani. Nilimweleza kwamba Salma yuko njiani kwenda Loliondo, na nilichomwambia. Aliuliza kama tulikuwa na watu.

"Hapana, Baba. Tulikuwa peke yetu."

Aliitikia kwa kichwa. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka upande wa kreta na mbuzi wa jirani walikuwa wanarudishwa. Simu ikalia kabla giza halijaingia. Ni Salma, amefika, anasema amekwama mara moja tu na Wamasai wamemsukuma. Nilimpa Baba naye asikie sauti yake. Alimpa pole, akamuuliza habari za mvua za huko, akanirudishia simu.

"Na asingefika?" aliniuliza.