Majani Niliyoyatupa Murusagamba

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Afya wa Wilaya alinikabidhi baiskeli, daftari la ukaguzi na agizo moja: "Kijana, usisimame mlangoni kama mgeni. Ingia jikoni, angalia, amuru." Nikaenda Murusagamba kichwa kimenivimba kwa cheo.

Ukaguzi wa kaya ulikuwa kupita nyumba kwa nyumba kutazama choo, kichanja cha vyombo na jiko. Kwa mjane mmoja, Mama Anastazia, nilikuta ndizi zinaiva kwa mvuke, zimefunikwa majani ya mgomba. Jani moja lilikuwa na mchanga. Nikayatupa yote nje mbele ya majirani, nikamwita mchafu, nikamwamuru afunike sufuria kwa nailoni.

"Bwana Afya, nailoni ikipata moto inanuka," alisema.

"Inanuka usafi," nikamjibu, na watu wakacheka. Hakuna mkubwa aliyenifundisha hivyo. Agizo hilo nililitunga mwenyewe palepale, kisha nikalieneza kata nzima.

Nilipohamishiwa Runazi, kule Biharamulo, nilikwenda na somo hilohilo. Tukachimbisha mashimo ya taka, tukachomesha humo chupa za plastiki, viroba na malapa, majivu yakapelekwa migombani kama mbolea. Afisa Afya wa Tarafa aliniandikia barua ya pongezi. Ninayo mpaka leo, na kila nikiiona naona aibu.

Karibu na kustaafu, tuliitwa semina. Tukaambiwa plastiki haiozi. Inasagika kuwa chembe ambazo jicho halizioni, zikaingia kwenye udongo, maji na chakula, na joto huzidisha kusagika huko. Wataalamu wamezikuta kwenye damu ya watu, hata kwenye kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni. Madhara yake bado yanachunguzwa, alisema mwezeshaji, ila dalili si njema. Wenzangu waliuliza chai inakuja saa ngapi. Mimi nilikuwa nawaza sufuria za Murusagamba.

Sasa nimestaafu, nimerudi kuishi Murusagamba. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku, lakini jikoni haijatoka. Juzi nilipita kwa marehemu Mama Anastazia. Mjukuu wake, Skolastika, mjamzito wa miezi saba, alikuwa anapika ndizi. Juu ya sufuria kulikuwa na nailoni, imelegea kwa moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, toa hiyo nailoni. Tumia majani."

"Majani ni uchafu, mzee. Bibi aliambiwa na Bwana Afya mwenyewe. Hakuyaweka tena sufuriani mpaka anakufa."

"Bwana Afya huyo ni mimi. Nilikosea."

Alicheka kwa adabu. "Mzee unanitania. Mtu wa serikali akukosee jikoni kwako?"

Nilitoka nje, nikakata majani mawili ya mgomba, nikayaosha vizuri kwenye ndoo, nikamletea. Skolastika akayapokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akanishukuru. Kisha akayatandika sakafuni karibu na jiko, ili mimi nikae.