Niligeuza Tepu Upande wa Inchi

Babu yangu nilimuua mimi, kwa tepu ya kupimia nguo. Hakuna aliyenishtaki, na polisi wangenicheka. Lakini wacha niseme, nimechoka kubeba hii kitu.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Masii. Shule niliachia darasa la sita. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunacheza vita vya mezani nyuma ya posho mill ya Kyalo, anakosagia watu mahindi. Mchezo ulianzishwa na Mwalimu Musyoka, aliyestaafu: meza ya mchanga, askari wa udongo urefu wa kidole, na mnarudia vita vya zamani zamu kwa zamu. Tepu ilikuwa yangu. Upande mmoja sentimita, upande wa pili inchi.

Kyalo alipenda inchi. Mwalimu akakataa. "Meza ni ndogo, Kyalo. Kwa inchi mtu anavuka Burma nzima kabla hujakohoa!" Tukakubaliana sentimita. Askari anatembea sita kila zamu.

Babu alikuwa amekaribia miaka mia. Alipigana Burma, Vita vya Pili vya Dunia, upande wa Waingereza. Huko rafiki yake Nzioka alipigwa risasi kando ya mto, akawa analia akimwita, na babu hakutoka kwenye handaki. Maisha yake yote alisema, "Singefika. Bunduki ingenimaliza njiani." Alituomba tuupange ule mto mezani, aone kwa macho yake kama kweli hangefika.

Tukaupanga. Kutoka handaki hadi kwa Nzioka, sentimita sitini, yaani zamu kumi. Bunduki kubwa ya Wajapani inaanza kulia zamu ya tano. Hesabu ilikuwa wazi: askari wa babu angefia njiani, na moyo wa mzee ungetulia.

Kyalo, mjinga wewe, unajijua! Aliniinamia sikioni: "Fundi, geuza tepu. Mpe mzee ushindi, atafurahi."

Nikageuza! Sita za inchi, karibu sentimita kumi na tano. Zamu ya nne askari wa babu akamgusa Nzioka. Kyalo akapiga makofi, akimwita babu kwa Kikamba. "Umefika, umau! Umemwokoa!" Mwalimu aliona. Nilimwona akiona. Akaangalia viatu vyake.

Babu hakucheka. Alimshika yule askari wa udongo, akasema polepole, "Kumbe ningefika."

"Ni mchezo tu, umau," nikamwambia.

"Kumbe ningefika."

Ningesema pale pale! Aibu ikanifunga mdomo. Siku ya pili babu alikataa uji. Nikajiambia nitamwambia kesho, na kesho ikawa wiki mbili. Mwishowe nikapiga magoti kando ya kitanda. "Umau, nilikudanganya. Ile ilikuwa inchi."

"Usinibembeleze," akasema. "Niliona kwa macho yangu."

Alikufa Alhamisi akimwomba Nzioka msamaha kwa Kikamba, kwa kosa ambalo hakulifanya. Ole wangu!

Hadi leo nikimpima mteja kiuno namsikia, "Kumbe ningefika." Napima upya mara tatu, mpaka watu wanauliza kama nimesahau kazi. Kyalo ananisalimia sokoni kama hakuna kitu. Na Mwalimu ndiye alisoma wasifu wa marehemu mazishini, bila haya!

Nyinyi mnaocheza hii michezo, chagueni kipimo kimoja, mkitaje kwa sauti kabla ya kusogeza mtu hata mmoja. Na tepu msimpe mtu mwenye huruma. Kama mzee hangefika, wacha asifike!