Mume Wangu Alimnyooshea Mkono Mdogo Wake

Admin, hii iweke bila jina langu wala la shule, maana huku kwetu watu wanatambuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Hanang kwenye familia ya wafugaji, nikaolewa huku Mbulu kwa wakulima nikiwa bado mwalimu kijana. Watoto wetu wameshahama. Nyumbani nipo na mume wangu na mjukuu mmoja anayesoma pale pale nilipofundisha.

Nilipostaafu, wazazi walinichagua kuingia kamati ya shule. Shule yetu ina shamba, na mahindi na maharage ya pale ndiyo chakula cha mchana cha watoto. Wengi wanatoka mbali, wanafika asubuhi hawajanywa hata chai. Nilipoingia kwenye kamati nikakuta kipande kikubwa cha shamba hilo kinalimwa na mtu kama chake. Mtu mwenyewe ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa anasogea kidogo kidogo kila msimu, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Kwanza nilimfuata kwake, kwa heshima, bila mtu mwingine kujua. Nikamwambia, "Shemeji, lile ni la watoto. Vuna ulichopanda, halafu waachie."

Akacheka. "Shemeji, wewe ulikuja hapa na begi la nguo. Mipaka ya huku umeijulia wapi?"

Nimeijulia wapi! Siku mpaka ule unawekwa nilikuwepo. Wazee wa kijiji walitangulia, sisi walimu na wanafunzi tukafuata nyuma tukipanda miti. Miti hiyo alishaing'oa yeye. Basi kamati ikapeleka suala hilo serikali ya kijiji, akaamriwa kutoka, akatoka. Watoto wakala.

Hapo ndipo mimi nikaanza kulipa. Ndugu wa mume wangu waliacha kukanyaga kwetu. Tulipofiwa na mama mkwe, niliyemuuguza kwa mikono yangu mpaka mwisho, walikaa nje na hakuna aliyegusa chakula nilichopika. Nilikimwaga kwa ng'ombe huku nalia. Mume wangu aliona yote.

Uchaguzi wa kamati ulipokaribia, aliniambia, "Mwalimu, pumzika sasa. Waachie wengine." Nikamjibu nataka kipindi kimoja tena, tumalizie jiko la shule. Akaendelea kunywa chai yake. Mimi nikadhani amekubali. Asubuhi ya mkutano nilimpigia koti lake pasi, tukatembea pamoja hadi shuleni, akanibebea mwavuli.

Kwa kiti cha kitongoji chetu tulibaki wawili, mimi na shemeji yangu yule yule. Alisimama akasema shule ni ya wenyeji na iongozwe na wenyeji, sio na watu waliokuja kuolewa. Watu wakapiga makofi. Wengine wao niliwafundisha kusoma. Afisa mtendaji akatuambia tugeuke tutazame ukuta ili wapiga kura wasituogope. Wakanyoosha mikono wa kwangu, wakahesabiwa. Wakanyoosha wa shemeji. Hapo nikasikia mama mmoja anasema kwa mshangao, "Jamani, hata mume wake?"

Nikageuka. Mume wangu alikuwa mstari wa mbele, mkono wake juu kabisa. Macho yetu yakakutana na hakuushusha.

Nilishindwa. Kushindwa nakujua, ningekuvumilia. Lakini kuna wanawake walinitazama siku ile kwa huruma mpaka nikatamani wangenitukana.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Umenifanya mwanaume ambaye ndugu zake hawaingii kwake. Mama yangu amezikwa watu hawakula kwangu. Nilitaka haya mambo yaishe." Nikamuuliza mbona hakuniambia tu kwamba hatanichagua. Akasema, "Ungenisikiliza?" Tangu hapo nampikia, namwekea maji ya kuoga, namsalimia. Maongezi yetu ni hayo tu.

Ndugu wamerudi kwetu kweli. Wanakuja, wananiamkia "Shikamoo shemeji" kama hakuna kilichotokea, wanakunywa chai yangu. Na lile shamba mwaka huu limepandwa mahindi ya shemeji, safari hii hadi karibu na vyoo vya wasichana. Kamati mpya iko kimya. Chakula cha mchana kimekufa. Mjukuu wangu ananiambia wenzake wanalala kwenye madawati mchana.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu alikuja, kijana niliyemfundisha mwenyewe. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Watu wa ardhi wanakuja kutoka wilayani. Wanataka shahidi aliyeona mpaka ukiwekwa. Wazee wale wote wamekufa, na wenzako waliobaki wanaogopa. Umebaki wewe."

Mume wangu alikuwa sebuleni, akasikia. Mgeni alipoondoka akaniambia taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi: "Nenda ukaseme. Ila ukishasema, pitiliza hadi Hanang kwenu."

Hanang kwetu wapi? Wazazi walishakufa, kaka zangu wanahama na mifugo yao. Maisha yangu yote niliyaweka kwenye mji huu. Hata hii nyumba, matofali yake tulifyatua pamoja, yeye na mimi.

Watu wa ardhi wanafika wiki ijayo. Mniambie, ninyi msionijua: niende nikasimame shambani niseme ninachokijua, nirudi nikute mlango umefungwa? Au ninyamaze nibaki na ndoa, halafu kila mchana nimwangalie mjukuu wangu akirudi na njaa? Tafadhali msiniandikie nisali, nasali kila siku. Niandikieni la kufanya.